Chakula cha Njiani na Dhamiri ya Mlaji

Katika matendo ambayo binadamu huyatenda kila siku bila kuyatia katika mizani ya fikira, sijui kama liko moja lenye uzito wa kiroho kuliko kukaa juu ya benchi la mti kando ya njia, saa saba za mchana, kupokea sahani kutoka kwa mtu usiyemjua jina wala ukoo wala dini, na kukitia kinywani kile alichokupakulia. Alaye nyumbani kwake anaujua mkono uliopika, na aghalabu anaujua pia mkono uliochinja, chungu kilichotumika na kisima kilichotoa maji. Lakini alaye njiani ameiacha elimu hiyo yote nyuma yake, naye hukiingiza ndani ya mwili wake kitu ambacho hana ushahidi wowote juu yake ila uso wa aliyempa. Swali ninalotaka kuliuliza ni hili: je, mcha Mungu, ambaye dini yake imemwekea mipaka ya halali na haramu, ana haki gani ya kula hivyo, na akiisha kuamua kula, ana wajibu wa kuuliza kiasi gani?

Swali hili ningeweza kulipeleka Kariakoo au Forodhani, mahali penye sifa kubwa kwa vyakula vya barabarani, lakini nimelileta Ngerengere kwa sababu Ngerengere ni mji ulioumbwa na wapita njia. Mto ulioupa jina lake huteremka kutoka milima ya Uluguru, ukaupitia mji wa Morogoro, ukageukia mashariki katika nchi tambarare mpaka ukaingia Ruvu. Na kando ya mto huo huo, mwaka 1871, msafara wa Henry Stanley ulipita penye Simbamwene, mji wenye boma ambao chifu Kisabengo aliujenga, nao wapagazi na askari wa msafara ule, ambao baadhi yao walikuwa Waungwana wa Unguja waliokiri Uislamu, walinunua chakula kwa wenyeji wasiowajua. Miaka thelathini na minne baadaye Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam, na ilipofika Morogoro mwaka 1907 Ngerengere ikawa stesheni, kisha ikawa nchi ya mkonge, na mkonge ukawaita vibarua kutoka kila upande wa nchi, watu wa lugha mbalimbali na miko mbalimbali, ambao walilazimika kula pamoja kabla ya kujuana. Kambi ya jeshi ilipowekwa iliongeza wageni wengine. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo ina kituo chake hapo, ingawa abiria wake, waliofungiwa nyuma ya vioo, hawawezi tena kunyosha mkono dirishani na kununua yai la kuchemsha au kichana cha ndizi kama walivyofanya baba zao katika gari la moshi.

Basi mtu akishuka Ngerengere wakati wa adhuhuri, njaa ikiwa imemshika, atakuta yale yanayokutwa katika miji yetu yote. Atakuta kigari cha kusukuma chenye kabati la kioo, ndani yake mihogo ya kukaanga na vipande vya kuku, na pembeni chupa ya pilipili na sinia la kachumbari. Atakuta, hatua chache kutoka hapo, meza ya mama ntilie chini ya turubai, masufuria yamepangwa juu ya majiko ya mkaa: wali, ugali, maharage, kisamvu, dagaa, na siku yenye baraka nyama au kuku wa mchuzi. Atamwagiwa maji mikononi kwa jagi juu ya beseni, kisha atakaa bega kwa bega na dereva wa bodaboda, na mchuuzi wa machungwa aliyeshuka kutoka upande wa Matombo, na Mmasai aliyeleta ng'ombe mnadani, na mwanafunzi mwenye sare, na askari aliye likizoni. Mmoja atasema Bismillahi kwa sauti ya chini; wa pili ataifanya ishara ya msalaba; wa tatu atainamisha kichwa kidogo asiseme neno. Kisha wote watakula katika sufuria moja, na hakuna hata mmoja wao aliyemchagua mwenzake.

Hebu tuichunguze sahani yenyewe kabla ya kuwachunguza walaji. Wali huo yumkini umetoka bonde la Kilombero au mashamba ya Dakawa. Dagaa wamesafiri kwa reli hiyo hiyo kutoka Kigoma, na chumvi labda imetoka Uvinza au katika mashamba ya chumvi ya pwani. Mafuta ni ya alizeti ya Singida au Dodoma. Ndimu na ndizi zimebebwa vichwani na wanawake wa Kiluguru tangu alfajiri. Kila kimoja katika hivyo kimepita katika mikono kumi au ishirini, na katika kila mkono palikuwa na nafasi ya dhuluma au ya insafu: mizani ya mnunuzi wa mpunga ilikuwa sawa au ilikuwa ya wizi, kibarua wa alizeti alilipwa ujira wake au alidhulumiwa, mkaa uliopikia ulikatwa kwa ruhusa au uliibwa msituni. Mtu akidai kwamba hatakula mpaka amepata yakini ya kila jambo, na awe mkweli katika dai lake, basi atakufa kwa njaa akiwa bado hajamaliza kuuliza habari za chumvi. Watu wengi wanaodhani wanahoji chakula chao kwa ajili ya Mungu wamechagua swali moja tu, nalo ni la nani aliyechinja, na mengine yote wamesamehe. Wala sidhani kama ni rahisi kueleza kwa nini damu ya kuku iulizwe na jasho la kibarua lisiulizwe.

Hata hivyo sitaki kulidharau swali la kuchinja, maana lina asili yake na heshima yake. Mwislamu ameamriwa ale kile kilichotajiwa jina la Mwenyezi Mungu, na katika Sura ya Maida ameruhusiwa chakula cha watu waliopewa Kitabu, na chakula chake kikafanywa halali kwao, ruhusa inayokwenda pande mbili kama mlango uliofunguliwa ndani na nje. Lakini wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu na kupanda bara pamoja na misafara, waliweka masharti mazito juu ya nani ahesabiwe kuwa mtu wa Kitabu, wakaangalia hata wahenga wake waliingia dini lini. Na kwa sharti hilo Mkristo wa Kiafrika ambaye babu yake alibatizwa na mapadre wa Roho Mtakatifu, wale waliofika Bagamoyo mwaka 1868, hakuhesabika kwa urahisi. Ndipo ilipozaliwa dasturi ambayo Watanzania wengi wameikuta bila kujua ilikoanzia, kwamba nyama ya kuuzwa kwa umma huchinjwa na Mwislamu, na Mkristo huila bila tashwishi. Haikuandikwa katika sheria za dola. Ilikuwa ni maridhiano ya majirani, nayo yalidumu kwa sababu kila upande uliona si mzigo mkubwa.

Sasa tuje kwa vitabu vyenyewe, kwa kuwa mara nyingi wanaogombana kwa jina la kitabu hawajafika mahali pale hasa ambapo kitabu kimelizungumza jambo lao. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa watu wa Korintho, mji wa bandari uliojaa wageni na mahekalu, alikabiliwa na swali ambalo si mbali na hili letu: nyama ya sokoni huenda imetolewa mbele ya sanamu, je, muumini aile? Jibu lake ni kwamba muumini ale kinachouzwa sokoni pasipo kukihoji kwa ajili ya dhamiri, na akialikwa na mtu asiyeamini, ale anachoandaliwa, asiulize. Akaweka tofauti moja tu: mtu akisimama akamwambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, basi asikile, na sababu aliyoitaja ni dhamiri ya yule aliyesema, wala si dhamiri ya mlaji. Na katika Hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha, watu walimwendea Mtume Muhammad wakamweleza kwamba wanaletewa nyama na jamaa waliosilimu juzi, nao hawajui kama jina la Mungu lilitajwa wakati wa kuchinja. Naye akawaambia walitaje wao wenyewe kisha wale. Miaka mia sita hivi inautenga waraka na Hadithi, na wanaozisoma mara nyingi hawasomi kitabu cha wenzao. Lakini mwelekeo ni mmoja. Mzigo umeondolewa katika ulimi wa kumhoji muuzaji ukawekwa katika moyo wa mlaji. Asiyejua hakuamriwa kufanya upelelezi. Ameamriwa kumkumbuka Mola wake.

Ipo habari nyingine ambayo naipenda zaidi, kwa kuwa imetokea safarini, na safari ndiyo hali ya Ngerengere. Imo katika Muwatta ya Imamu Malik. Omar bin Khattab alitoka na msafara ambao Amr bin Al-As alikuwemo, wakafika penye birika la maji, na Amr akamwuliza mwenye birika kama wanyama wakali huja kunywa hapo. Omar akamkataza yule mwenye birika asiwape habari. Nani angemtuhumu Omar kwa ulegevu katika dini? Alikuwa mtu ambaye ukali wake juu ya nafsi yake ulikuwa mithali. Lakini alijua kwamba jibu la swali lile halitawaongezea utakatifu wowote, ila litawafungia maji wenye kiu na kumtia mtu wa watu aibu kwa birika lake. Wanafikihi wakajenga juu ya habari kama hizo kanuni isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka: kitu kilicho safi kwa asili yake hubaki safi mpaka ijulikane vinginevyo, na kujua si kuhisi.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa kwenye meza ya namna hiyo, hapo hapo Ngerengere, akaja kijana mwenye begi la safari, nadhifu, mwenye adabu ya kutosha kumwamkia mama kabla ya kusema neno jingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu ukae."

"Samahani, mama, huyu kuku amechinjwa na nani?"

Mama akauweka upawa juu ya kifuniko. "Amechinjwa na mzee jirani yangu, ni mtu wa msikitini. Mimi ni Mkatoliki, mwanangu, lakini tangu nianze kazi hii sijaweka kuku hapa asiyechinjwa na Mwislamu, maana sijui ni nani atakayekuja kukaa. Kama moyo wako haujatua, maharage yapo, nayo hayana mchinjaji."

Kijana akala maharage. Hakuna aliyemlaumu, wala mimi simlaumu kwa kula maharage. Mtu ana haki ya kujizuia, na huenda alikuwa na sababu ambazo sisi hatukuzijua. Lakini niliona jambo lililotendeka katika benchi. Wale waliokuwa wakila kuku walipunguza mwendo wa mikono yao, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu tukae pale kila mmoja akawa anamkadiria mwenzake: huyu ni wa dini gani, na yule je? Kabla ya swali lile tulikuwa watu wenye njaa waliopata riziki. Baada yake tukawa Waislamu na Wakristo waliokutanishwa kwa bahati. Na yule mama, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akimpelekea jirani kuku wake kila alfajiri kwa ajili ya watu asiowajua, alilazimika kuusema wema wake hadharani ili asidhaniwe mwovu. Wema uliofanywa kwa siri una thamani yake mbele ya Mungu, nao ukilazimishwa kujitetea huondolewa sehemu ya thamani hiyo, na aliyeiondoa ni muulizaji.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitazama jambo hili kwa undani katika Ihya, katika kitabu chake cha halali na haramu. Alikuwa mtu wa waraa, yaani wa kujihadhari hata na yenye shaka, na aliipanga hadhari hiyo katika daraja nne, kuanzia ile inayomtosha mtu asiitwe fasiki mpaka ile ya wakweli wasiokula ila kwa ajili ya Mungu. Kwa hiyo mtu angetazamia kwamba atawahimiza watu waulize na kuuliza tena. Kinyume chake, alipofika kwenye hali ya mtu usiyejua habari zake, alisema kwamba kumwuliza ni kumvunjia heshima na kumwudhi, na kumwudhi Mwislamu ni haramu bila shaka, ilhali ubaya wa chakula chake ni shaka tu. Basi mwenye kutaka kujihadhari na ajiepushe kwa upole bila kuuliza, na kama hana budi kula, ale bila kuuliza. Nikiyasoma maneno hayo naona jinsi alivyopima vitu viwili katika mizani moja: upande mmoja dhambi inayodhaniwa, upande wa pili dhambi inayojulikana. Mtu anayekimbia ya kwanza kwa kuikanyaga ya pili hajajihadhari. Amebadilisha tu mahali pa kukosea. Kijana wetu angeweza kuomba maharage tangu mwanzo, na hadhari yake ingekuwa kamili, na benchi lingebaki kama lilivyokuwa.

Najua kuna watakaosema kwamba ninalikuza jambo dogo, na kwamba swali la abiria mmoja kwa mpishi mmoja si kitu. Laiti ingekuwa hivyo. Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam na watu walioamini kwamba wanaitetea dini, ingawa hakuna Mwislamu aliyelazimishwa kununua kipande kimoja cha nyama ile. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulizidi mpaka mchungaji mmoja akauawa. Safari hii waliokuwa wakiihoji dasturi ya zamani walikuwa Wakristo, waliohubiriwa kwamba nyama iliyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu si yao kula. Nao, kwa bahati mbaya, hawakuukumbuka waraka wa Paulo, kama vile wale wa mwaka 1993 walivyoyasahau mafundisho ya kitabu chao. Damu ya mwanadamu ilimwagika katika mabishano juu ya namna ya kumwaga damu ya mnyama. Ugomvi wa namna hiyo hauanzi siku mapanga yanapotoka. Huanza pale jirani anapoacha kumdhania jirani yake kheri, na mahali pa kuacha huko ni pengi, lakini meza ya chakula ndipo pa karibu zaidi.

Yako mapingamizi mawili ambayo ni lazima niyape haki yake. La kwanza ni la afya. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi, Morogoro ikiwa mojawapo ya iliyoumia, na mamlaka za miji mbalimbali zikapiga marufuku uuzaji wa chakula kilichopikwa kando ya barabara. Mtu anaweza kuniuliza kama imani ninayoisifu si njia ya kaburini. Nasema hapana, kwa kuwa hapa tumetoka katika shaka tukaingia katika kujua. Ugonjwa ukiwa umetangazwa, maji yakiwa yanaonekana kuwa machafu, nzi wakiwa juu ya chakula kisichofunikwa, macho yameshatoa ushahidi wake, na kuyafumba ni kuidhulumu nafsi ambayo Mungu ameiweka amana mikononi mwetu. Kumwuliza mama ntilie kama maji haya yamechemshwa hakumhukumu moyo wake wala hakuwagawi walio kwenye benchi. Wote waliopo wangependa kulisikia jibu. Swali linalomlinda kila mlaji ni tofauti na swali linalomchuja mmoja amtenge na wenzake, na mwenye akili timamu hashindwi kuzipambanua.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo hutoka kwa watu ambao naiheshimu bidii yao. Husema: dini yangu ni yangu, nitaulizwa peke yangu Siku ya Hukumu, wala mama ntilie hatanijibia, kwa nini basi niihatarishe akhera yangu ili nisimkere mpishi? Maneno haya yana ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni ya hatari. Ni kweli kwamba kila mtu atajibu peke yake; lakini orodha ya atakayojibu haianzii wala haiishii tumboni mwake. Sura ya Hujurati imewaonya waumini juu ya dhana nyingi na juu ya kupelelezana, ikalitaja jambo hilo pamoja na kusengenyana, yaani pamoja na mambo ambayo hakuna anayeyadhani kuwa madogo. Paulo naye alipowaruhusu Wakorintho wale, alimaliza kwa kuwataka wasiwe kikwazo kwa yeyote, awe Myahudi au Myunani au mtu wa kanisa. Mwenye kuogopa hukumu na aogope yote: aogope kula haramu, na aogope vilevile kumfanya mja mwema wa Mungu asimame kizimbani mbele ya sufuria lake mwenyewe. Ucha Mungu unaokumbuka nusu moja ya hesabu na kusahau nusu ya pili haujawa ucha Mungu bado. Ni woga wa mtu anayejipenda.

Nimezungumza sana juu ya mlaji, na ningekuwa nimemdhulumu mpishi kama ningeishia hapo, maana hukumu inayomtua mlaji mzigo wa kuuliza humtwika mpishi mzigo ulio mkubwa zaidi. Mlaji asiyeuliza amemfanya mpishi kuwa mdhamini wake mbele ya Mungu. Mpishi akimpa nyamafu akasema ni halali, au akipasha mabaki yaliyochacha akayatia pilipili kuificha harufu, au akachanganya mafuta ya nguruwe ilhali anajua aliyekaa mbele yake hayali, basi kila kitu ambacho mlaji alisamehewa kwa kutokujua kimehamia katika shingo yake yeye anayejua. Hakuna mahakama itakayomfikia, wala hakuna jicho linaloona ndani ya sufuria lake alfajiri. Yumo peke yake na Muumba wake, na mwiko mkononi. Kazi inayotazamwa na watu wengi kuwa ya chini, ambayo mjane huianza kwa mtaji wa kilo tano za mchele, imebeba amana ambayo kadhi na askofu wangetetemeka kuibeba, maana wao huhukumu juu ya yaliyoonekana, naye amekabidhiwa yasiyoonekana.

Na wengi wao wanaibeba vizuri. Hilo ndilo jambo ambalo wanatheolojia wetu, katika semina zao za maelewano baina ya dini, hawajalitazama vya kutosha. Katika nchi ya Waluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama na ukoo mmoja huwa na Waislamu na Wakatoliki ndani yake, mwanamke anayepika arusi au tanga huwa amekwisha kujua tangu utotoni sufuria gani liwekwe wapi, na nani aitwe kuchinja, na mjomba yupi hali nini, wala hajapata kuhitaji kamati. Maarifa hayo ndiyo aliyoyachukua akaja nayo stesheni. Alipoweka meza yake Ngerengere aliupanua tu ukoo wake ukamwingiza dereva, na askari, na Mmasai, na abiria asiyejulikana atokako. Akawapikia wote kwa namna ambayo yule mwenye masharti mazito zaidi kati yao anaweza kula, na wengine wasikose kitu.

Kwa hiyo nina ombi kwa masheikh, mapadre na wachungaji wa Morogoro, na wa mikoa mingine ambako neno la kuchinja bado huamsha hasira. Mtakapokutana tena kuijadili dasturi hii, msikae wenyewe kwa wenyewe mkiwa na vitabu vyenu tu. Waiteni wanawake watatu au wanne wanaopika kando ya stesheni na vituo vya mabasi, wapeni viti vya mbele, na waulizeni wamewezaje kwa miaka yote hii kuwalisha watu wa dini zote katika sufuria moja bila mtu kunyanyua mkono. Kisha andikeni watakayoyasema, myasome misikitini na makanisani.